Sindano ya Tatu ya Fundi Cherehani

Hapa Tanga, watu wakisikia kwamba niliishi Johannesburg miaka kumi na minne, huniuliza habari za majambazi. Huwa nawavunja moyo. Jambazi nilimwona mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo nilikuwa namfunga bandeji. Kisha nawaeleza kazi niliyokuwa nikifanya kule, na hapo husogeza viti karibu. Ni wachache katika mtaa wetu waliowahi kupiga magoti kando ya mtu ambaye moyo wake umesimama, wakaufanya upige tena. Mimi nimefanya hivyo. Nasema waziwazi kwa sababu hakuna mjomba aliyenilipia nauli wala shangazi aliyenitafutia nafasi, na mtu aliyefika mahali kwa miguu yake ana haki ya kusema amefika wapi.

Nilianzia Malvern, kandokando ya Jules Street, nikiuza mikanda na soli za viatu juu ya meza ya kukunja. Baadaye nikapata kazi ya ulinzi Hillbrow, kwenye mlango wa jengo refu ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla sijazaliwa, nadhani. Pale ndipo nilipowaona watu wa ambulensi kwa mara ya kwanza. Walipanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na tatu na mabegi mgongoni, wakashuka na mama mmoja akiwa hai. Mimi nilikuwa nimewafungulia lango tu. Siku hiyo hiyo nikaamua.

Nilisoma kozi ya awali ya watu wa ambulensi huku nikilinda lango. Kisha nikasoma stashahada, miaka miwili. Wenzangu darasani walishushwa na magari ya wazazi wao. Mimi nilifika na sare ya ulinzi imekunjwa ndani ya begi, nikitoka hapo naenda zamu. Sikurudia somo hata moja. Stashahada yenyewe iko sebuleni kwangu sasa, na mgeni anaiona kabla hajaiona televisheni.

Kwa nini naizungumzia sana? Kwa sababu ndiyo iliyoniruhusu kushika adrenalini. Mwenye kozi ya awali anaruhusiwa kubonyeza kifua, kupuliza pumzi kwa mfuko, kuunganisha mashine na kuendesha gari. Dawa haruhusiwi. Adrenalini ni kichupa kidogo cha kioo, kinatoshea kwenye kiganja cha mtoto. Unakivunja shingo, unavuta dawa kwenye bomba la sindano, unaipitisha kwenye mpira wa dripu, unaisukuma kwa maji ya chumvi, halafu unauinua mkono wa mgonjwa ili dawa iteremke kuelekea moyoni. Halafu unasubiri. Dozi inayofuata hutolewa baada ya dakika tatu hadi tano. Sisi tulishika dakika nne.

Hizo dakika nne ndizo zilizoniharibu. Mpaka leo siwezi kukaa kwenye kikao nikatulia. Natazama saa, nasimama, nakaa, naenda kufungua dirisha lililo wazi. Mke wangu anasema nina upele wa ndani. Mtu asiyewahi kusubiri dakika nne akiwa na maiti ambayo bado haijawa maiti hawezi kuelewa. Mikono inataka kufanya jambo na kanuni inasema bado.

Kwa hiyo saa ni kila kitu, na saa lazima iandikwe. Mwenzangu kwenye gari alikuwa mama wa Kizulu aliyenizidi miaka kumi na mitano, mwenye kozi ya awali tu, lakini kazini alikuwapo tangu mimi nikiwa nauza mikanda. Yeye alikuwa na desturi yake. Alikata kipande kirefu cha plasta nyeupe, akakibandika kwenye paja la suruali, na kila kitu kilichofanyika kikaandikwa pale. Mimi niliandika kwenye glavu, nyuma ya mkono wa kushoto. Vijana wote wa darasa letu tulifanya hivyo. Ilikuwa haraka, na ilionekana ya kitaalamu.

“Dokotela,” aliniita hivyo kwa kunitania, “glavu inavuliwa. Suruali utaivulia wapi?”

“Mama, mimi nimesomea haya.”

“Haya. Mimi ni dereva tu.”

Tulizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu chake na makosa yangu. Naandika hapa kwa Kiswahili, lakini kejeli zake haziingii zote.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kazi, mchana, jua kali. Tuliitwa Yeoville, kwenye kiduka cha fundi cherehani karibu na soko. Fundi alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwembamba. Alikuwa akimpima mteja koti la harusi, akasema kifua kinambana, akakaa, akaanguka kati ya cherehani na meza ya kukatia. Tulipoingia, mteja mwenyewe alikuwa amepiga magoti akimbonyeza kifua. Bado alikuwa amevaa lile koti. Halikuwa limeshonwa, lilishikiliwa na pini na nyuzi za muda, na kila alipobonyeza mkono mmoja wa koti ulizidi kuteleza. Tulipomfikia ulikuwa umeshatoka, umelala juu ya tumbo la fundi.

“Usiache,” Mama alimwambia. “Unabonyeza vizuri. Ongeza kina.”

Mke wa fundi alikuwa amesimama ukutani, mikono kichwani, akiomba kwa sauti ya chini. Mdogo wake mke, msusi wa saluni ya jirani, alikuwa karibu zaidi, na chanuo bado limechomekwa kwenye nywele zake. Mkononi alikuwa na simu. Aliiweka mdomoni kama mtu anayekula muhindi, akazungumza, akaiachilia, ikalia kidogo. Alikuwa akituma sauti kwenye kundi la familia. Kaka za fundi, watoto wa kaka, wazee wa kanisa lao, wote walikuwa Bukavu wakisubiri.

Nilikata shati la fundi kwa mkasi, nikalisukuma kwapani. Tuliunganisha mashine ya kuusoma moyo. Mstari ulikuwa umenyooka kabisa. Moyo wa namna hiyo haushtuliwi kwa umeme. Kinachotakiwa ni mikono na adrenalini, haraka. Mshipa niliupata kwa jaribio la kwanza, juu ya sakafu, kati ya vipande vya vitambaa. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Dozi ya kwanza, saa nane na dakika kumi na tisa. Niliandika kwenye glavu.

Nyuma yangu msusi aliwaambia wale kaka kwenye simu, kwa Kiswahili cha kwao: “Ba yaya, banamutoboa sindano ya kwanza. Hayaamuka bado. Muombe.”

“Dada, weka simu chini,” nilimwambia.

“Papa, ndugu yabo iko anakufa. Niache niwaambie.”

Mama alichukua kifua, mteja akapumzika, mimi nikapuliza pumzi. Alihesabu kwa Kizulu, thelathini, kisha mimi mara mbili, kisha yeye tena. Tulitazama mashine. Mstari. Tukaendelea. Dozi ya pili, saa nane na dakika ishirini na tatu. Niliandika. Nikauinua mkono wa fundi, nikahesabu sekunde, nikaushusha.

“Ya pili,” msusi aliiambia Bukavu. “Banamutoboa ya pili. Musilale, muombe.”

Ilipokaribia dakika ya ishirini na saba nilivunja kichupa cha tatu, nikavuta dawa. Bomba nikalishika mkono wa kulia, kwa kushoto nikausogeza mkono wa fundi ili niufikie mpira wa dripu. Ndipo nilipochomwa. Mafundi wa Yeoville huchomeka pini zao kwenye mfuko wa shati, safu nzima, kama medali. Shati nililolisukuma kwapani lilikuwa na pini zote mahali pake. Moja ilipita kwenye glavu ikaingia kidoleni.

Kanuni ya kuchomwa ukiwa kwa mgonjwa ni moja: vua, safisha, vaa nyingine. Niliweka bomba juu ya meza ya kukatia, nikaivua glavu, nikaitupa, nikamimina spiriti kwenye kidole, nikavaa mpya. Wakati huohuo mashine ililia kututaka tuangalie mstari, Mama akasema amechoka, mteja alikuwa ameegemea mlango akihema, ikabidi mimi nichukue kifua. Nilipiga magoti nikabonyeza. Na kichwani mwangu dozi ya tatu ilikuwa tayari imetolewa. Nilikuwa nimevunja kichupa, nimevuta, nimeushika mkono. Mwili wangu ulizijua zile hatua zote, na ukamalizia ile moja iliyobaki bila mimi.

Nilibonyeza dakika mbili, tukabadilishana. Nikatazama nyuma ya mkono wangu wa kushoto nijue dozi ya nne ni saa ngapi. Glavu ilikuwa safi. Buluu tupu.

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na rundo la makapi ya vitambaa linalofika magotini, buluu, nyeusi, kijivu. Nilipekua kwa mguu. Sikuiona.

“Dokotela,” Mama alisema huku akibonyeza, “adrenalini?”

“Nimetoa sasa hivi.”

“Sasa hivi lini?”

“Sasa hivi, Mama. Ya tatu. Tusubiri.”

“Sikukuona.”

“Ulikuwa unabonyeza. Ungeonaje?”

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na sauti hiyo ninayo, niliijenga miaka mingi. Kichwani nilikuwa nikitafuta dakika. Je, ilikuwa dakika mbili zilizopita? Tano? Nikitoa mapema mno namzidishia. Nikichelewa, moyo unakaa bila kitu cha kuusukuma. Nilisimama, nikapiga magoti, nikashika mfuko wa pumzi, nikauachia, nikaushika tena.

Msusi alishusha simu. “Papa, ya tatu hauyamutia.”

“Nini?”

“Ni mbili. Ya tatu hauyamutia bado.”

“Dada, tafadhali. Nimeshampa.”

“Mimi ndiye natumaka sauti. Ukimutoboa, natuma. Nimetuma mbili.”

Hapo nikasema maneno ambayo ningependa kuyarudisha kinywani. Niligeuka, nikamwambia: “Mimi nina stashahada ya kazi hii! Wewe endelea na sauti zako.”

Mama aliendelea na hesabu yake. Mke wa fundi aliacha kuomba. Dakika nyingine ikapita, labda na zaidi, nami nimeshikilia mfuko wa pumzi kama mtu aliyeshikilia usukani wa gari lililozimika.

Msusi alikuja akachuchumaa mbele yangu, akanisogezea simu usoni, karibu mpaka nikanusa mafuta ya nywele kwenye vidole vyake. Kwenye kioo kulikuwa na vijistari kadhaa vya sauti. Kidole chake kiligusa viwili, na chini ya kila kimoja saa yake: 14:19, 14:23. Juu kabisa simu ilionyesha saa ya wakati ule: 14:34.

“Ni hii na hii,” alisema. “Ingine iko wapi?”

Mteja ndiye aliyeiona. Alinyoosha ule mkono uliobaki na koti, akaonyesha meza ya kukatia. Bomba lilikuwa palepale, kando ya chaki, limejaa dawa yote.

Sikumbuki kama nilisema samahani. Mama anasema sikusema. Nilichukua bomba, nikasukuma dawa, nikasukuma maji, nikauinua mkono. Saa nane na dakika thelathini na nne. Dakika kumi na moja baada ya ile ya pili, katika kazi inayohesabiwa kwa nne.

“Sasa tuma,” nilimwambia msusi.

“Ba yaya,” alisema, “sasa ndiyo ya tatu.”

Mashine ilipolia tena mstari ulikuwa unatetemeka, umechafuka kama maandishi ya mtoto. Moyo unaotetemeka hushtuliwa. Niliwaambia wote waachie, nikashtua, tukarudi kifuani dakika mbili nzima bila kutazama chochote. Halafu Mama aliweka vidole shingoni kwa fundi, akafumba macho. Mimi niliwahi kumwona akifanya hivyo mara nyingi na kila mara akitikisa kichwa.

“Eish,” alisema. “Huyu hapa. Anapiga.”

Tulimfikisha hospitali akiwa na mapigo. Daktari aliyempokea, msichana mwenye macho ya usingizi, alisikiliza maelezo yangu akaniambia, “Kazi nzuri.” Nilikuwa nimezoea kuyapokea maneno hayo kama haki yangu. Safari hii yalinikaa vibaya kama kiatu cha mtu mwingine.

Nje, ndani ya gari, nilifungua fomu ya taarifa. Kuna sehemu ya dawa: jina, kiasi, saa. Niliandika dozi ya kwanza, nikaandika ya pili. Ya tatu niliandika 14:27. Nikawa nimekwisha kuiandika. Hakuna ambaye angejua. Glavu yenyewe ilikuwa imezikwa kwenye makapi ya vitambaa Yeoville. Mama alikuwa anafuta usukani kwa kitambaa, hakunitazama.

“Bukavu wanajua,” alisema.

Nilikata ile saa kwa mstari mmoja, nikaweka sahihi pembeni kama inavyotakiwa, nikaandika 14:34 na sababu yake. Niliitwa ofisini kwa ajili hiyo. Nilionywa kwa maandishi, na nikapewa kazi ya kuwafundisha wapya namna ya kutunza saa. Nilifundisha vizuri kuliko wote waliowahi kufundisha pale, maana mimi nikifanya kitu nakifanya.

Lakini sikutulia. Wiki mbili nzima nilikuwa nikipiga simu wodi ya wagonjwa mahututi, mara kwa jina langu, mara nikijifanya shemeji. Siku ya nne aliamka. Siku ya tisa alizungumza. Mkono wake wa kulia haukuwa unamtii. Vidole vilifunguka polepole na chaki ilimponyoka. Nilipoambiwa habari ya mkono, sikulala sawasawa tena. Nilipiga hesabu ileile kila mahali, kwenye teksi, kwenye foleni ya mkate, kwenye taa za barabara ya Louis Botha, robot kama wanavyoziita kule, zikiwa nyekundu: ningeitoa dawa dakika ile ya ishirini na saba, je, mkono ungekuwa mzima? Niliwauliza wakufunzi wangu wa zamani. Wote walinijibu jambo moja, kwamba haiwezekani kujua. Huenda moyo usingejali. Huenda ungejali. Mtu aliyepata alama za juu katika mtihani wa dawa hapendi jibu la namna hiyo.

Alipotoka hospitali nilikwenda dukani kwake nikiwa bado na sare, Mama akinisubiri nje kwenye gari. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona kwa maelekezo yake, na msusi alikuwa mlangoni anakula maandazi.

“Huyu ndiye wa stashahada,” msusi alisema mara aliponiona.

Wote watatu walicheka. Nikajua kumbe sauti ile ilikuwa imetumwa pia. Kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza simu nilipomkaripia. Bukavu nzima, wazee wa kanisa kwa wajukuu, walikuwa wamenisikia nikitangaza elimu yangu juu ya mwili wa ndugu yao. Msusi alisema watoto kule wakikosana sasa wanaambiana hivyo: mimi nina stashahada ya kazi hii.

Nilicheka nao. Nilikuwa nimeyakunja maneno yangu kwa utaratibu njia nzima, nikayafungua yote kwa pamoja. Nilimwambia fundi kwamba moyo wake ulisimama, kwamba nilimpa dawa mara tatu, kwamba ya tatu ilipaswa kutolewa baada ya dakika nne na mimi niliitoa baada ya kumi na moja kwa sababu nilidhani nimeshaitoa na sikutaka kusikiliza. Nikamwambia sijui kama ndicho kilichoufanya mkono wake uwe hivyo. Nikamwambia nimeuliza na hakuna anayejua.

Mkewe aliacha kukanyaga cherehani. Fundi aliutazama mkono wake uliolala pajani, akaufunga nusu, akaufungua.

“Minasikia,” alisema. “Lakini mambo ya siku ile uulize huyu.” Alimwelekezea msusi kidevu. “Mimi sikukuwapo.”

Msusi alipaliwa na andazi. Mkewe akacheka huku machozi yakimtoka, akampiga mumewe begani, akamwambia asimcheke Mungu. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya duka, mikono haina pa kwenda. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, na nilikuwa nimejiandaa kusamehewa. Fundi akamwambia mkewe mshono wa bega umekaa vibaya, aufumue. Mkewe akaufumua.

Nje Mama alikuwa ameshawasha gari. Tulikuwa tumeitwa Berea.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Yote?”

“Yote.”

“Akasema nini?”

Nikamweleza. Alicheka mpaka akalazimika kuegemea usukani, na gari la nyuma yetu likapiga honi. Aliwasha king’ora, tukaondoka. Mimi niligeukia nyuma ya gari nikaanza kuhesabu vichupa kwenye begi, nikavihesabu tena tulipopinda kona, na tena tulipofika.